Mwacheni Achore Uso wa Kijani

Jumamosi nilimkuta mpwa wangu amechuchumaa uani, brashi mkononi, anafuta uso wa mtu. Uso ulikuwa wa kijani. Alikuwa anaupaka rangi ya kahawia taratibu, kuanzia shavu la kushoto, kama fundi anayeziba ufa. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwenye nyumba ya wageni kasema hakuna mtu wa kijani, Mjomba. Nikirekebisha nyuso na barabara, ataichukua. La sivyo nimchoree twiga."

Siku tano nimelala na kuamka na maneno hayo.

Picha yenyewe ni ya mtaa wetu wa Mwanga, Kigoma, jioni: watu wanatoka sokoni, bodaboda zinagombea abiria. Barabara ni nyekundu na imesimama kama ukuta, utadhani itakuangukia. Watu ni warefu, wembamba, wote wanakuja upande wako na hakuna anayemtazama mwenzake. Mama mwenye beseni la samaki, migebuka, kichwani hana macho, ana mistari miwili tu. Pembeni kakaa wakala wa pesa chini ya mwavuli wake, uso kijani kabisa. Nilipoiona mara ya kwanza nilisikia honi.

Nikampokonya brashi, nikamfungulia simu. Nilitaka aone picha ya Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner inayoitwa "Mtaa, Dresden", aliyoichora mwaka 1908 na kuirudia tena 1919. Barabara yake ni ya pinki inayowaka. Wanawake wenye kofia wanakuja mbele, nyuso zao za kijani na chungwa. Nyuma kuna tramu, na katikati mtoto wa kike kasimama peke yake, kofia imemzidi kichwa. Kijana aliivuta kwa vidole mpaka mtoto akajaa kioo kizima.

"Huyu kapotea?" akauliza.

Kuhusu rangi ya barabara hakuuliza lolote. Swali lake lilikwenda moja kwa moja kwa mtoto, na hilo ndilo Kirchner alilokuwa analichora: mji umejaa watu na hakuna anayemshika mtoto mkono. Angepaka barabara rangi ya mawe, tungejua barabara ya Dresden ilikuwa ya mawe. Tungejua nini tena?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Mwaka 1914, Kirchner akiwa amehamia Berlin, alichora uwanja wa Potsdamer Platz: wanawake wawili kwenye kisiwa cha duara katikati ya barabara, mmoja na mtandio mweusi wa mjane, nyuma yao stesheni. Februari ya mwaka huohuo reli ya Wajerumani wenzake ilifika hapa Kigoma. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha. Haraka iliyomtisha Kirchner mitaani Berlin ilishuka na kwetu, pale chini stesheni. Na yeye mwenyewe alijifunza kwa kutazama michongo ya Afrika na ya visiwa vya Palau kwenye makumbusho ya Dresden. Kwa hiyo mpwa wangu hajaiba cha mtu.

Lakini hata bila Kirchner, mwenye nyumba kakosea, kwa sababu kijana kachora alichokiona. Nendeni Mwanga saa sita mchana, jua likiwa utosini. Simameni mbele ya wakala aliyekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Jua linapita kwenye kitambaa cha mwavuli, na rangi yake inamshukia. Aliye chini ya mwavuli mwekundu, paji la uso ni jekundu, noti anazohesabu ni nyekundu. Wa bluu ni wa bluu mpaka kwenye kucha. Binti mmoja hukaa hapo tangu asubuhi mpaka giza, akihesabu pesa za watu wengine, na kutwa nzima uso wake una rangi ya kampuni ambayo hata haijui jina lake. Tunampita kila siku. Kijana wa miaka kumi na tisa ndiye aliyesimama akamwona, akaichora ile rangi kama ilivyo, tukamwambia anadanganya.

Na ile barabara nyekundu? Vumbi la hapa ni rangi gani? Kola za mashati yetu zikitoka safari ya Mwandiga ni rangi gani?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba ya wageni na pesa ni zake. Nakubali pia wapo wasiojua kuchora mkono wakajificha nyuma ya neno "hisia". Mpwa wangu anajua kuchora mkono. Twiga sina ugomvi naye. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 kupaka rangi za baiskeli kwenye mbao, wanyama wake hawakufanana na wa porini, na leo hakuna anayedai warekebishwe.

Simlinganishi mzee yule na watawala wa Ujerumani wa mwaka 1937, walioondoa kazi zaidi ya mia sita za Kirchner makumbusho wakiziita sanaa iliyoharibika. Mwaka uliofuata Kirchner alijiua. Ila nilipoona shavu lile nusu kahawia nusu kijani, niliogopa. Mkono uliokuwa unafuta ulikuwa wa aliyechora.

Jana mchana nilimchukua tukaenda Mwanga. Tulisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na mwavuli wa kijani. Binti alikuwa anampa mteja chenji. Mpwa wangu alitazama mpaka bodaboda ikatupigia honi tusogee.

"Mjomba," akasema, "kijani niliweka kidogo."

Tukapita dukani kununua kopo jingine.