Kilichotangulia ni kuni na chakula, si shule

Kuna makala inayosema akina mama wa Kiyahudi wa Philadelphia, Marekani, walianza kazi yao ya hisani na shule ya Jumapili, yaani ya kuwafundisha watoto dini. Sivyo. Female Hebrew Benevolent Society, chama chao cha kusaidia maskini, ilianzishwa 1819; shule ikafuata 1838, na makao ya yatima 1855. Rebecca Gratz, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, na wenzake wa sinagogi la Mikveh Israel waliwapa maskini chakula, kuni na mahali pa kulala, kwani misaada mingine mjini mara nyingi ilikuja na mahubiri ya kuwabadili dini. Hata shuleni tatizo hilo liliwafuata: vitabu vya maswali na majibu vilikuwa vya Wakristo Waprotestanti, hivyo majibu yasiyofaa kwa watoto wa Kiyahudi yalibandikwa vipande vya karatasi juu yake. Ubunifu huo ulistahili kutajwa, jamani!