Choo cha Ngazi Tano

Leo asubuhi shangazi wa mke wangu, yule aliyekuja kwa siku tatu na sasa tunaingia wiki ya tano, amemwaga chupa nzima ya zhaveli, ile dawa ya klorini, chooni. Nzima! Eti panuke usafi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikakosa pa kutemea.

Fosi septiki, tangi linalopokea uchafu wa choo, si pipa, ni zizi. Mle ndani nafuga vijidudu visivyoonekana, vinakula tunachokiteremsha usiku na mchana, na ndio vibarua pekee katika maisha yangu ambao hawajawahi kuniomba avansi. Mama wa watu amewamwagia sumu kabla ya chai. Sasa tusubiri harufu. Na kumkaripia siwezi, ni mkwe. Nimemwambia tu, "Umeamkaje, mama," nikampisha na ndoo yake.

Angejua lile shimo limenila kiasi gani!

Kiwanja nilinunua Kyeshero, juu ya jiwe. Ndugu zetu wa Bukavu wana udongo mpaka unawateremkia. Sisi wa Goma mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulitumwagia lava iwe sakafu ya bure, ukasahau kutuachia pa kuchimba. Ingenia alinichorea fosi safi kabisa: vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili, uchafu mzito utuame chini, mafuta yaelee juu, maji ya katikati yapite kwa bomba lenye umbo la T, halafu yaingie shimo la kunyonya, ardhi iyanywe. Kina cha maji, meta moja na nusu. Kwenye karatasi jiwe halionekani. Akapokea hela yake, akapanda pikipiki.

Mchimbaji alikuja na vijana wawili, baramina, nyundo ya kilo nane na matairi makuukuu. Tairi linachomwa juu ya jiwe, jiwe likiiva linamwagiwa maji, lipasuke. Nguo za majirani zilizokuwa kwenye kamba zote zikawa za msiba. Bei tulishindwana kwa dola, tukahamia mbuzi: kila nusu meta kwenda chini, thamani ya mbuzi mmoja wa Masisi, tena beberu.

Mbuzi wa tatu alipokaribia kwisha, mkubwa wao akapanda juu, akafuta jasho, akaomba mshumaa.

"Wa nini saa nne ya asubuhi?"

"Muzee, hii shimo inaanza kuwa na hewa mubaya."

Akaufunga kwenye kamba, akauwasha, akauteremsha polepole kama anayevua samaki. Ulipofika usawa wa magoti, pu! Ukazimika. Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Mazuku," akasema, yaani hewa ya kuua inayotoka ardhini, akakaa chini, akaomba ya chai.

Mbinu hizo nazijua. Mimi niko mji huu tangu kabla ya lava ya 2002, mtu haniuzii hewa. Nikasema tatizo ni mshumaa wa bei ya chini. Mtoto akatumwa kutafuta mwingine, akarudi na mnene wa kanisani, sikuuliza ameupataje. Ukazimika palepale, kama umefundishwa. Kibiriti nacho vilevile. Basi nikavua koti, nikaingiza tai ndani ya shati, nikawatangazia waliohudhuria kwamba mwenye nyumba atashuka mwenyewe. Vijana wakapiga makofi. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Amani, shuka tu. Ila uniachie kwanza karatasi za kiwanja."

Nikateremsha mguu mmoja. Na ule mguu ukiwa unaning'inia ndipo nikamkumbuka mbuzi wa watu aliyekutwa bondeni kule chini, amelala kama anayeota, hana hata mkwaruzo. Hewa ile ni nzito, inalala mahali pa chini kama mlevi, haina rangi, haina harufu, ukiinama kumwangalia aliyeanguka na wewe unaanguka. Nikaurudisha mguu. Nikavaa koti. Nikawaambia nimekumbuka nina mkutano.

Shimo likaamriwa lifukiwe, watoto wasije wakatumbukia. Na kufukia ni kazi, ina bei yake. Mbuzi watatu nimelipa jiwe litoke, wa nne nikalipa lirudi lilipokuwa! Jiwe lilelile! Mungu alikuwa ameliweka pale bila kunidai senti! Nilikaa juu ya rundo la kokoto na koti langu la ofisini, macho yananitoka maji, nikasema ni moshi wa matairi. Matairi yalikuwa yameshazima tangu jana.

Ndiyo maana fosi yangu imekaa juu ya ardhi kama kaburi la chifu. Na kwa kuwa uchafu haupandi mlima, bomba linataka mteremko, sentimita mbili kwa kila meta, choo nacho kikapandishwa. Ngazi tano. Ukienda haja mtaa mzima unakuona unavyopanda, na mama wa ng'ambo ya njia hunisalimia kwa jina kupitia kidirisha, anaulizia hali ya watoto, na adabu inanidai nijibu.

Bado kuivuta ikijaa. Wenye gari la kunyonya walikuja kupima uchochoro wetu, wakacheka, wakaondoka.

Jirani yangu wa upande wa chini hana habari na hayo. "Yangu haijajaa toka 2009," anasema, kwenye harusi, kwenye matanga, popote penye viti. Alipochimba alikutana na ufa kwenye jiwe, akamshukuru Mungu, akaacha chini bila saruji. Nimewahi kumuuliza, vinaenda wapi?

"Vinaenda."

Na huku chini yake ni ziwa tu. Sasa hivi kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, amefika na bidoni zangu sita za maji, nimemuuliza leo amechota wapi, ananionyesha kwa kidevu, kulekule. Nimesimama na bidoni mkononi sijui niinywe au niipandishe chooni, na shangazi kule juu ya ngazi anapiga kelele: maji yamechelewa, na zhaveli imeisha.