Dereva Yoon Kapata Kazi?

Tuliitazama filamu ya Parasite nyumbani Kikwajuni, hapa Unguja, usiku wa masika, na mpaka leo shangazi hajaisamehe. Kafanya kazi za majumbani tangu msichana. Anasema filamu hii ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2019 na tuzo nne za Oscar mwaka uliofuata, imewasingizia maskini. Familia ya Kim, wakaazi wa chumba kilichozama nusu ardhini, wanaghushi vyeti, wanajifanya hawajuani, na mmoja baada ya mwengine wanaajiriwa kwa tajiri Park. "Tajiri akiiona hii, kesho atanipekua mkoba," anasema.

Hofu yake naielewa. Mtumishi wa zamani wa Park anaondolewa kwa kuzuliwa kifua kikuu, kumbe tunda la pichi tu ndilo linalomdhuru. Sote tulicheka, shangazi kanyamaza. Kwetu huku mfanyakazi hufukuzwa kwa sababu pete haionekani, na ikija kuonekana mvunguni mwa kitanda, hakuna anayemfuata kumuomba radhi.

Mdogo wangu yeye anaitetea. Park na mkewe si wakali, mshahara wanalipa, lakini Bwana Park anailalamikia harufu ya dereva wake mpya, baba wa akina Kim. Mvua inapiga, maji ya chooni yanafurika chumbani kwa akina Kim, wanalala ukumbini na wenzao waliofurikiwa. Asubuhi Bibi Park, garini, anaisifu mvua hiyohiyo kwamba imesafisha hewa. Aliyewahi kunyanyua magodoro usiku Mwanakwerekwe hahitaji kujua Kikorea hapo.

Mimi naegemea kwa mdogo wangu, ila si moja kwa moja. Wote wawili wanamtazama tajiri na maskini, na mimi naona uzito uko kwa maskini na maskini. Matajiri wamesafiri, akina Kim wanakunywa sebuleni mwa akina Park. Baba anamkumbuka Yoon, dereva waliyemtoa kazini kwa nguo ya ndani iliyoachwa makusudi garini: bila shaka kapata kazi pengine? Binti anamkemea, wenye shida ni wao, awafikirie wao. Haupiti muda kengele inalia: ni yule mtumishi, karudi na mvua, mumewe kajificha chini ya nyumba hiyo zaidi ya miaka minne. Familia mbili zisizo na kitu zinaumana, mwenye nyumba hana habari.

Basi filamu haisemi kwamba maskini ni matapeli. Inaonesha nafasi moja ya kazi inavyomfanya mtu asitake hata kuuliza aliyekuwapo kabla yake. Lakini Yoon haonekani tena mpaka mwisho. Mdogo wangu anasema ndiyo maana yake, watu kama yeye hupotea hivyohivyo. Mimi bado sikubali: filamu ya saa mbili na zaidi ilikuwa na dakika moja ya kumpa. Katika sisi sote tuliokuwa sebuleni, aliyemuulizia ni shangazi peke yake.