Anzeni choro kwa pandeiro, filimbi ingoje

Kundi jipya la choro, muziki wa ala wa Brazili, likikutana, kila mtu anataka melodi. Mwenye filimbi anaikimbiza, mwenye mandolini anamfuata, magitaa yanaburuzwa nyuma. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Muziki huu ulizaliwa Rio de Janeiro miaka ya 1870, wapigaji walipochukua polka ya Ulaya na kuitia mdundo wa lundu, ngoma yenye asili kwa Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani. Kundi la mpiga filimbi Joaquim Callado lilikuwa na filimbi moja, cavaquinho moja (gitaa dogo) na magitaa mawili: katika wapigaji wanne, watatu ni wasindikizaji. Basi wiki mbili za kwanza mpiga filimbi asikilize tu.

Pandeiro ni tari lenye visahani vya chuma. Kipimo, yaani kipande kimoja cha mdundo unaojirudia, kina mapigo mawili, na kila pigo hugawanywa mara nne: dole gumba, ncha za vidole, kisigino cha kiganja, ncha za vidole. Kwenye pigo la kwanza, kidole cha kati cha mkono ulioshika tari hubana ngozi kwa chini, sauti inakatika. Kwenye pigo la pili kinaachia, besi inavuma. Wanaoanza huvumisha besi kwenye pigo la kwanza, na choro yote inageuka gwaride. Pia hukakamaza mkono ulioshika tari, ilhali nusu ya kazi ni yake: ndio unaolipindua tari likutane na vidole.

Cavaquinho, yenye nyuzi nne (sauti D, G, B, D), hucharazwa fupi, ndefu, fupi ndani ya pigo moja. Nyuzi zisiachwe zilie ovyo. Vidole vya kushoto vilegezwe bila kubanduka.

Kwenye magitaa ndiko pa kukaa sana. Gitaa la nyuzi saba, ambalo uzi wake wa ziada kwa kawaida huwekwa kwenye sauti ya C, hupiga mistari ya besi iitwayo baixaria. Mstari unaingia pale melodi inapovuta sauti ndefu au kupumua, mara nyingi mwishoni mwa vipimo vinne. Chukua safari ya kutoka kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) ya G meja kwenda ya E mina. Besi hairuki. Inashuka G, kisha F shapu chini ya kodi ya B saba (B7), halafu E. Sauti tatu tu, na msikilizaji ameshajua anakopelekwa. Anayeanza hujaza kila nafasi kwa mistari ya haraka, akamfunika mwenye melodi. Msikilizeni mpiga gitaa la nyuzi saba Dino 7 Cordas akiwa na mpiga mandolini Jacob do Bandolim: mfuateni hata pale anaponyamaza. Mwenye gitaa la nyuzi sita naye abaki kwenye kodi za katikati, maana besi mbili zikikimbia pamoja hakuna hata moja itakayosikika.

Choro nyingi zina sehemu tatu, A, B na C, na huenda AABBACCA, kila sehemu vipimo 16, jumla 128. Watu hupotea mahali pamoja: A inayofuata B hupigwa mara moja tu, lakini nusu ya kundi hurudia kwa mazoea. Karatasi haiponyi hilo, kwa sababu macho yakiwa kwenye karatasi sikio limelala. Wasindikizaji wapige umbo zima bila melodi, kwa mapigo 60 kwa dakika, kila mmoja akitaja kwa sauti herufi ya sehemu inayokuja. Wakivuka mara tatu bila kukwama, filimbi iingie: A ya kwanza kavu kama ilivyotungwa, madoido yasubiri marudio. Mwendo usiongezwe zaidi ya mapigo manne kwa siku.

Kaeni duara, karibu karibu, bila vipaza sauti. Mpiga filimbi asiposikia dole gumba la pandeiro, wa kwanza kushusha sauti ni mwenye cavaquinho.