Kibodi ya Makumbusho Haiendi Saluni

Kuna mtindo umeshika mjini wa kuanika juani kibodi kuukuu zilizogeuka manjano. Unachukua IBM Model M, kibodi ya kompyuta ya zamani, unaipaka krimu ya peroksaidi ya saluni, ile forty, unaifunga nailoni na kuipandisha paani. Jioni inashuka nyeupe pe. Sasa wapo wanaouliza eti kwa nini makumbusho yanakaa na kibodi za manjano ilhali dawa imejaa maduka ya vipodozi. Jamani!

Forty ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 12. Inafanya kazi ikipigwa na miale ya urujuanimno, na Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na ikweta ikiwa jirani, miale hiyo tunayo ya kumwaga. Ndiyo shida yenyewe. Krimu inakauka upande unaotazama jua kabla ya upande wa pili kuanza kubadilika, na kasha linatoka na mabakabaka na michirizi myeupe ambayo hakuna fundi wa elektroniki wa mtaa wa Luthuli atakayeifuta. Uso wa plastiki nao unaweza kuliwa, ukabaki na ungaunga. Na umanjano wenyewe? Huweza kurudi hata kibodi ikifungiwa kabatini, maana peroksaidi inaondoa rangi tu. Plastiki inaendelea kuzeeka vilevile. Umeiharibu, na weupe hukuupata.

Tena umanjano ni ushahidi. Pale lebo ilipofunika, rangi ya kiwandani imebaki. Upande uliokaa dirishani umekolea. Mhifadhi anasoma hapo kibodi iliishi vipi miaka yote tangu Model M zilipoanza kutoka mwaka 1985. Hongera, umeusugua wote kwa krimu ya nywele. Vitufe vyake vya asili, kwa taarifa yako, ni vya PBT, plastiki isiyogeuka manjano kirahisi, na herufi zake zimepenyezwa ndani kwa joto. Peroksaidi ya nini hapo?

Anayetaka kusafisha asafishe kwa akili. Picha kwanza, hasa lebo ya nyuma yenye tarehe na namba. 1391406, kwa mfano, ni mpangilio wa Uingereza, wenye alama ya pauni juu ya 3. Vitufe vivutwe wima kwa waya wa kung'olea, visichokonolewe kwa bisibisi, kisha viloweke kwenye maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo. Vikauke siku nzima au zaidi. Maji yakishuka kwenye tundu la springi iliyo chini ya kila kitufe yanafika kwenye karatasi za plastiki zilizochapwa njia za umeme. Njia moja ikioza, safu nzima ya vitufe inakufa. Kasha linafunguliwa kwa soketi ya milimita 5.5, skrubu nne, na kufutwa kwa kitambaa chenye maji ya betri (yale yaliyokenekwa, si asidi!). Thina usiisogeze karibu, inalainisha plastiki. Wakati wa kurudisha vitufe, simamisha kibodi wima ili springi ikae katikati. Springi ikilala upande, kitufe kitaingia lakini hakitalia wala kuandika.

Haya, nakubali shingo upande kuhusu riveti, zile pini zinazoshikilia bamba la chuma ndani ya kibodi. Ni za plastiki, vichwa vinakatika, bamba linaachia na vitufe vinalegea. Mwenye kibodi ya kuandikia kila siku atoboe kwa keekee ya milimita 1.5 na kufunga skrubu za M2 za milimita 8. Hiyo ni mashine ya kazi. Ya makumbusho isitobolewe. Vichwa vilivyokatika vinahesabiwa na kutiwa kwenye mfuko wenye namba ya kibodi, basi.

Na wewe unayeuza "asili kabisa" baada ya kuipaka forty, andika kwenye tangazo kwamba umeipaka.