Kibua Aliyemeza Ufunguo

Kabla sijaanza niseme wazi: samaki hawakuwa na kosa lolote.

Mwaka jana niliagiza gari la umeme, la Kijapani lililotumika, na tangu lifike nimekuwa mwalimu wa fizikia wa Chumbageni nzima, bila mshahara. Tanga ni mji wa baiskeli, na gari lisilonguruma ni balaa kwa mwenye baiskeli: unamjia nyuma hana habari, akigeuka anakukuta ubavuni kama jini. Basi kila nikisimama kuomba radhi, maswali yanaanza. Linachajiwa wapi? Mvua ikinyesha halipigi shoti? Na mimi, Mungu anisamehe, napenda kuulizwa.

Mama mkwe alipokuja kutoka Pangani kututembelea, nilimpa somo la milango.

"Mama, hili halichomekwi ufunguo. Rimoti inakaa mfukoni tu. Ukibonyeza kitufe cha mlangoni, gari linapiga hodi kwa mawimbi yanayofika hatua moja au mbili, rimoti inaitika, kitasa kinaachia."

"Kwa hiyo linakujua."

"Linanijua, mama."

Hapo nilisema uongo. Gari halimjui mtu, linaijua rimoti. Hata mbuzi akiimeza, mfunge kamba karibu na mlango, ubonyeze kitufe uone kama halitafunguka. Lakini sifa zilishanipanda. Nikamweleza habari za wezi wa Ulaya, wanaokwenda wawili wawili: mmoja na mtambo wake karibu na nyumba, mwenzake karibu na gari, wanarushiana mawimbi mpaka gari linadhani rimoti iko pale pale. Dawa yake chuma. Nikachukua kopo lake la biskuti (biskuti ziliisha miaka mingi, sasa linakaa sindano na uzi, kama makopo yote ya biskuti duniani), nikatia rimoti, nikafunika, nikabonyeza kitufe cha mlango. Kimya. Gari halikunitambua.

Mama mkwe alitazama, akasema, "Sindano zangu zirudi kama zilivyokuwa."

Siku ya tatu akanituma Deep Sea, soko la samaki, kununua kibua. Akanipa na sufuria lake la alumini, alilokuja nalo kutoka Pangani, lenye mfuniko unaokaa barabara, kwa sababu samaki wa kutiwa kwenye mfuko wa plastiki haamini kama wanafika wazima. Saa tatu asubuhi mnada umekwisha changamka. Nikanunua kibua, nikaongeza na changu wawili wa kujipendekeza, mpara samaki akanisafishia, wakaingia sufuriani na vipande vya barafu juu yake.

Milango yote ilikuwa imefungwa. Nilibonyeza kitufe cha buti, buti peke yake likafunguka, milango mingine ikabaki ilivyo. Nikaweka sufuria. Nikainama nisogeze barafu ziwafunike samaki vizuri. Nikafunika mfuniko, nikaukandamiza, nikashusha buti. Kla!

Nikaenda mlango wa dereva, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikapapasa mfuko wa shati: hewa. Mifuko ya suruali: chenji na tasbihi.

Sasa nikuambie kilichonichanganya. Gari hili lina antena ndani, na ukisahau rimoti humo linalia pii pii na kukataa kujifunga. Nimeisifu tabia hiyo mbele za watu. Kwa hiyo nilikuwa na yakini moja tu: popote rimoti ilipo, si ndani ya gari. Nikaanza kuitafuta chini.

Dakika tano nyingi, Deep Sea yote inatafuta. Watoto wanachambua mchanga, mpara samaki anafukua rundo la magamba na matumbo. "Mgosi, usije ukakuta kibua kaimeza," akasema, watu wakacheka, nami nikacheka cha kujilazimisha.

Halafu ushauri. Mmoja akasema chaji imekwisha ndiyo maana halifunguki. Nikashindwa kujizuia, nikaeleza kwamba betri kubwa haihusiki na milango. Vitasa vinakula umeme wa betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Akasema, "Basi hiyo ndogo ndiyo imekufa." Mwingine akaniomba ruhusa avunje kioo, tena kwa adabu, jiwe liko mkononi. Mzee mmoja akashauri niliache juani lichoke lenyewe.

Jua lenyewe lilikuwa limeshaanza kazi. Nilikuwa naiona barafu kwa macho ya moyo.

Nikampigia mke wangu, Mama Zuhura, alete rimoti ya pili iliyo kwenye droo. Akaja na bajaji, na nyuma yake, ameshika kanga yake vizuri, mama mkwe. Nikaamkia shikamoo huku nikiangalia chini. Rimoti ya pili nikaibonyeza mbele, nyuma, juu ya kichwa. Ilikuwa haijabadilishwa ile betri yake ya duara kama sarafu tangu Japani. Imekufa fofofo.

"Si ulisema linakujua?" mama mkwe akauliza.

Sikujibu.

"Sufuria langu liko wapi?"

"Ndani ya buti, mama."

"Umelifunika?"

"Nimelifunika sana."

Akanyamaza kidogo, akilitazama buti. "Kama lile kopo langu."

Wallahi nilisikia miguu ikilegea. Niliiona picha nzima: mimi nimeinama, mfuko wa shati umening'inia mdomo chini, rimoti inateleza taratibu katikati ya kibua na barafu, na mimi mwenyewe, mwalimu, nauweka mfuniko na kuukandamiza. Gari lilipojiuliza kama rimoti imo ndani, lilisikia alumini.

Kujua ilipo ni jambo moja, kuingia ni jingine. Ni mpara samaki aliyeichukua ile rimoti mfu, akaigeuzageuza kwa vidole vyenye magamba, akauliza, "Na hiki kidude cha pembeni?" Akakisukuma kwa ncha ya kisu, akavuta: ufunguo. Ufunguo wa chuma, wa kawaida, umejificha humo mwaka mzima bila mimi kujua. Tukatafuta tundu, mlango hauna. Mpaka tulipobandua kifuniko kidogo pembeni ya mpini, tundu likawa linatukodolea macho.

Nikazungusha. Mlango ukafunguka na gari likapiga yowe. Kwake yeye, anayeingia kwa ufunguo wa chuma ni mwizi. Honi inalia, taa zinapepesa, na wale waliokuwa hawajaja sasa wakaja, wakiwemo wawili walionitazama kama wananijua kwa wizi siku nyingi. Ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya rimoti kuna kachipu kasikohitaji betri, kanakopokea nguvu kutoka kwenye kitufe chenyewe cha kuwashia. Nikaigandisha rimoti mfu kwenye kile kitufe. Yowe likakatika. Nikabonyeza swichi ya buti.

Mama mkwe akafunua sufuria mwenyewe. Barafu imekuwa maji, na rimoti imelala juu ya changu, imebandika gamba moja juu ya kitufe cha kufunga. Akaichomoa kwa vidole viwili, akaipangusa na kitambaa, akanikabidhi bila neno. Samaki aliwanusa mmoja mmoja. "Wazima," akasema, na sijapata kusikia hukumu tamu kama hiyo.

Jioni tulikula kibua wa kukaanga na wali wa nazi. Aliniwekea mkubwa kuliko wote.

"Kula taratibu, mwanangu," akaniambia. "Huyo wako sijui kameza nini."

Rimoti inafanya kazi mpaka leo, ila harufu haijatoka. Nimeisugua kwa limau, nimeianika, nimeifukizia udi. Nikiegesha nyumbani usiku, paka watatu wa jirani huja kukaa mlangoni kwangu wakinitazama mfukoni.