Ndiyo, boksi lilikuwa langu

Haya jamani, naona klipu ya gari yangu kuchemka treki (uwanja wa mbio za magari) imeshawafikia. Sekunde 41. Nimeiangalia mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Mnaniona nimesimama na helmeti kichwani pembeni ya gari inayofuka moshi (sio moshi, ni mvuke, tuheshimiane), mkono kiunoni, nasema "huu ni uzembe wa fundi", halafu klipu inakatika huku kuna mtu anacheka kama fisi. Fisi huyo ni rafiki yangu, ndo alikuwa abiria wangu siku hiyo, na mpaka sasa ameshatangaza mambo matatu: kwamba niliwasha hita kwenye jua kali "ili gari iongeze nguvu", kwamba nililia, na kwamba anayo sehemu ya pili ya klipu. Mawili ya kwanza ni uzushi. La tatu ni kweli, ndo maana niko hapa naandika usiku huu, bora mnisikie mimi kabla hajaiachia.

Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu. Mtu akinunua gari ya sports anaongelea nguvu na mlio, mimi naongelea rejeta, kile kinachopoza maji ya injini. Sasa asubuhi ile tunasubiri zamu za kuingia treki, watu wanapima upepo wa matairi kimyakimya, mimi nazunguka gari moja baada ya jingine natoa mihadhara bila kualikwa. Kwamba karibu theluthi ya nishati ya mafuta unayochoma inaishia kwenye mfumo wa kupoza. Kwamba ukiwa kwenye spidi feni haikusaidii kitu, kinachopoza ni upepo unaoingia puani mwa gari, na upepo ni mvivu, ukiuachia kauwazi kembamba pembeni ya rejeta utapita hapohapo na rejeta utaiacha kama ilivyo, kwa hiyo ziba kila uwazi kwa sponji, ona mimi nilivyoziba, hebu sogea uone. Kuna kijana alikuwa ameinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (vile vipete vya chuma vya kukaa chini ya nati) kwenye bawaba ili joto litoke, nikamwambia mdogo wangu toa hizo, pale chini ya kioo cha mbele ndo upepo unapojibana, gari ikikimbia hewa inaingia badala ya kutoka. Na nilikuwa sahihi! Naomba hilo likumbukwe. Kijana mwenyewe ndo wa kwanza kuweka vikatuni vya kucheka chini ya klipu.

Halafu kulikuwa na mzee mmoja mtaratibu, kofia, kiti chake cha kukunja, chupa ya chai. Nikamwamkia nikaanza somo. Nimeenda naye dakika kumi nzima, rejeta za aluminiamu, unene wake, mpaka nikamtajia Bugatti Veyron ina rejeta kumi, mzee, kumi! Anaitikia tu, "ehee, ehee". Nilipomaliza akaniambia, "Asante kijana, ila yangu ni Porsche 911 ya zamani. Inapozwa kwa upepo, haina rejeta." Jamani mimi najua kabisa kwamba 911 ziliendelea kupozwa kwa upepo mpaka zile za mwisho za 1998. Gari lenyewe lilikuwa nyuma yake. Nilikuwa tu nimeshashika kasi, breki ya mdomo sina.

Sasa turudi usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilifunga rejeta mpya mwenyewe, ya aluminiamu, nzito, inang'aa. Rejeta mpya ina yale mapezi membamba ambayo ukiyagusa na bisibisi yanalala, kwa hiyo kila anayejiheshimu anabandika kipande cha boksi mbele na kingine nyuma wakati wa kufunga, akimaliza anatoa. Cha nyuma, upande wa feni, nilikitoa, ninacho mpaka leo. Cha mbele kilikaa katikati ya rejeta na kondensa ya AC (kile kama rejeta nyembamba inayokaa mbele yake), mahali ambapo ukiinama mbele ya gari unaona kondensa tu, na ukifungua boneti ungeona ukingo wa boksi kwa juu, tena ungeuona vizuri, isipokuwa kuna mtu alikuwa ameshaufunika na sponji lake zuri.

Najua mtauliza, mbona gari haikuchemka njiani. Nilikata boksi fupi, robo ya chini ya rejeta ilibaki wazi. Nikaondoka alfajiri, baridi, mguu mwepesi, injini haina mzigo. Na ule mshale wa joto kwenye dashibodi msiuamini hata siku moja, gari nyingi za siku hizi zimeutengeneza ukae katikati kuanzia nyuzi 80 na kitu mpaka zaidi ya 100 ili mwenye gari asisumbuke moyo. Mimi nalijua hilo, nimelihubiri, ndo maana nilichomeka kidude cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma joto halisi kwenye simu. Simu nikampa abiria. Nikamwambia kazi yako ni moja, unisomee namba ya joto la maji kila baada ya kona mbili tatu, ikifika 105 piga kelele. Akasema sawa kaka.

Kosa langu ni kumpa simu yenye namba nne kwenye kioo kimoja.

Raundi ya kwanza polepole, kupasha matairi na oili. Ya pili nikaanza kuikanyaga. Madirisha wazi, helmeti mbili, injini iko juu ya mizunguko 6,000, humo ndani husikii hata mawazo yako. Nasikia kwa mbali, "Tisini na sita!" Safi. Mnyoosho mrefu, "Mia na mbili!" na kidole gumba juu. Nikajua basi anasoma spidi, na kwa sauti ile ya furaha mtu hawezi kuwa anasoma habari mbaya. Nikakanyaga zaidi. "Mia na sita! Twende babaaa!" Anapiga dashibodi kwa kiganja. Na mimi, wanangu, nikavimba kichwa. Nikasema kumbe leo niko vizuri.

Tukafika ile kona inayokunja mpaka unarudi ulikotoka. Hiyo kona hata bingwa wa dunia anaichukua polepole, mimi nilikuwa gia ya pili, kama 60 hivi. Katikati ya kona, usukani umekunjwa, matairi yanalia, nasikia abiria wangu anashangilia:

"Mia na kumi na mbili!"

Nataka muelewe muda ulivyosimama pale. Niliangalia spidi, 58. Nikaangalia mshale wa joto, na ule mshale mnafiki ambao miaka yote haujawahi kutikisika ulikuwa umeshaondoka katikati na unapanda, sio kwa haraka, unapanda kama mtu anayenyanyuka kitini kwenda kukuambia jambo. Nikamwangalia abiria. Kupitia kidirisha cha helmeti naona meno. Anatabasamu! Nikapiga kelele HIYO NI SPIDI AU JOTO, akasogeza simu puani, akaangalia, akaangalia tena, tabasamu likafungwa kama duka, akasema kwa sauti ndogo ambayo ajabu niliisikia vizuri kabisa, "Mia na kumi na nne."

Hapo ndo ikaja habari ya hita. Sikilizeni, hita ya gari ni rejeta ndogo ndani ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanapita humo, ukiifungulia mpaka mwisho na feni mpaka mwisho unaiondolea injini joto kidogo. Ni ushauri halali, waulizeni wanaojua. Tatizo joto lenyewe lazima liende mahali, na mahali penyewe ni miguu ya abiria. Nikazungusha kitasa mpaka mwisho. Jamaa alinyanyua miguu yote miwili akaikunjia kifuani akiwa amefungwa mkanda, amevaa helmeti, anauliza unafanya nini, unafanya nini. Nikajibu NAPOZA. Kwa upande wake najua inasikikaje.

Nikaacha kuikanyaga, nikapandisha gia mizunguko ishuke, nikaanza raundi ya kupoza kama kitabu kinavyotaka. Namba ilitakiwa kushuka. Haikushuka, maana boksi halijui kama umepunguza mwendo. Tukapita kwa mtu wa bendera, ameshika ile nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa katikati. Maana yake gari lako lina hitilafu, toka. Mnajua nilisema nini? Nilisema "kuna mtu huko nyuma gari lake bovu, maskini." Nyuma yetu hakukuwa na gari. Palikuwa na mvuke tu.

Niliingia sehemu ya kusimama nikiwa bado na heshima kidogo, nikasema siizimi ghafla, nikiizima pampu inasimama na joto la chuma lote linahamia kwenye maji, wacha iungurume kidogo feni ivute. Watu wakasogea. Wote niliowafundisha asubuhi walikuja, hakukosa hata mmoja, yule kijana wa washa alikuja anakimbia. Feni inaunguruma kwa nguvu zake zote na namba inapanda, 115, 116. Ilipogonga 117 nikazima. Kisha kimya, na ndani ya kimya kile tangi la akiba linachemka glu glu glu kama sufuria iliyosahaulika. Mtu akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta nikamrukia, USIGUSE, maji yamebanwa na presha, ukifungua yanakurukia usoni yanachemka. Hilo nalo nilikuwa sahihi. Siku nzima nilikuwa sahihi kwenye kila kitu isipokuwa gari.

Ndo nikashika kiuno nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Themostati hii (kile kidude kinachofungulia maji yapite kwenye rejeta) itakuwa feki. Au kuna hewa imebaki kwenye mfumo. Ndo ile sentensi ikanitoka, "huu ni uzembe wa fundi", na klipu mnayoijua inaishia hapo, maana abiria alicheka mpaka simu ikamwanguka. Fundi ni mimi. Alikuwa ananishikia tochi wakati nafunga.

Yule mzee wa 911 akaweka kikombe cha chai chini. Hakusema neno. Akaniomba niwashe swichi ili feni izunguke peke yake, injini ikiwa imezimwa, akachukua kitambaa chepesi cha karatasi akakisogeza mbele ya pua ya gari. Feni ikivuta vizuri, karatasi inanaswa pale mbele. Akakiachia. Kile kikaratasi kikaning'inia hewani kidogo, kikashuka taratibu, kikatua kwenye kiatu changu. Tulikiangalia wote. Feni inalia lakini haivuti hewa. Akainamia kwenye boneti, akaweka kidole kwenye sponji langu, lile nililowaita watu waje kuliona, akalibandua kwa upole kama mtu anayefunua kidonda, akaingiza vidole viwili, akavuta.

Likaanza kutoka. Sauti ya boksi kavu likikwaruza aluminiamu, krrrrr, refu, halina haraka. Kadiri linavyotoka ndo watu wanavyonyamaza. Limekaangika, limekuwa kahawia, na alama za mapezi zimejichora safi mgongo mzima. Mzee akalinyanyua juu, akaliangalia, akaniangalia.

"Veyron zina kumi," akasema. "Wewe una moja, na hiyo moja umeivalisha koti."

Ingeishia hapo ningesamehewa. Lakini akaligeuza upande wa pili. Na hii ndo sehemu ya pili ya klipu jamani, hii ndo anayonitishia nayo. Upande wa pili palikuwa na maandishi ya maka penseli nyeusi, herufi kubwa, yamepigiwa mistari miwili chini, mzee akayasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba:

"USISAHAU KUTOA HILI WEWE MPUMBAVU."

Kijana wa washa akauliza nani ameandika. Nikasema sijui. Abiria, mchawi yule, akasema kwa nguvu, "Mwandiko si wako huu kaka? Ona hiyo M." Sikulia. Helmeti ilikuwa na jasho, jasho likaingia machoni, nikapangusa. Basi.

Mengine ya haraka haraka: ikapoa saa nzima, nikaongeza maji, nilikuwa natumia maji safi na kidawa maana antifrizi (ile kulanti ya rangi) ikimwagika lami inateleza na viwanja vingi vinaikataza, kwa hiyo angalau sikumharibia mtu treki. Nimepima kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda), silinda zote ziko sawa, gasketi haijaungua, oili haina maziwa, yaani maji hayajaingia humo. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa harusi, joto 88 njia nzima, gari haijawahi kupoa vile tangu niinunue. Kijana wa washa alizitoa, halafu akanipa zote mbili mkononi, akasema nitazihitaji kushikia lile tangazo la kwenye boksi.

Boksi analo abiria. Amelisainisha watu wote waliokuwepo, mzee wa 911 amechora na kikombe cha chai. Nimemwambia nalitaka, amesema nitalipata siku nitakayompeleka treki tena, ila hita iwe imefungwa na simu nishike mwenyewe.